Boda Tatu na Mvushaji Mmoja

Andiko la somo: Luka 17:11–19, Waefeso 2:11–19



Wapendwa, Jumapili iliyopita nilihubiri saa nzima juu ya neno moja, tena neno la Kiingereza. Wengine mlitoka mkicheka. Lakini wale waliokuwa zamu siku hiyo, na mama zetu waliokuwa soko, wameomba somo liandikwe, basi hili hapa. Lisome ukiwa na Biblia wazi kando yako, kwa maana nimetaja maandiko bila kuyanakili.

Neno lenyewe ni boda.

Simama kwa steji yoyote hapa Busia, au kule Malaba, usikilize dakika tano tu. Mmoja yuko kwa simu: "Niko boda, nakungoja hapa kwa geti." Huyo anataja mahali. Mwingine anamwambia mwenzake: "Shika boda, utachelewa." Huyo anataja pikipiki. Mama wa tatu anasema: "Kijana wangu siku hizi ni boda." Huyo anataja kazi ya mtoto wake. Halafu anapita mwalimu: "Huyu ni wa kutwa, yule ni boda." Huyo anamtaja mwanafunzi anayelala shuleni. Waingereza wenyewe wana maneno mawili hapo: border ya mpaka na boarder wa bweni, kila moja na herufi zake. Sisi midomo yetu haina hiyo shida. Yote ni boda.

Sasa nataka tuziangalie hizo boda, moja baada ya nyingine, kwa sababu injili imepita katikati yazo zote. Mwambie jirani yako: usilale, hili ni lako!

1. Boda ya kwanza: mstari

Luka anatuambia Bwana alikuwa njiani kwenda Yerusalemu, akipita kati ya Samaria na Galilaya. Maana yake nini? Alikuwa boda! Upande huu Wayahudi, upande ule Wasamaria, na hao watu hawakuchangamana. Sisi tuliozaliwa hapa hatuhitaji kuelezwa sana mambo hayo.

Lakini uliza: huo mstari wetu uliletwa na nani? Kabla ya mwaka 1902, hapa tulipo palihesabiwa kuwa Uganda. Utawala wa Mwingereza wa Uganda ulifika mpaka Naivasha. Mwaka huo wakaamua mkoa wa mashariki uhamie upande wa pili, ule ambao baadaye uliitwa Kenya. Mzee aliyekuwa analima hapa hakutoka shambani kwake. Mstari ndio ulitembea. Ndiyo maana mpaka leo kuna Wasamia huku na Wasamia kule, Wateso huku na Wateso kule, ukoo mmoja, matanga mamoja, vitambulisho viwili.

Na haukutulia hata baada ya hapo. Mwaka 1976 Idi Amin alidai sehemu ya magharibi ya Kenya ni yake, watu wa hapa wakalala na wasiwasi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mwaka 1999 marais watatu wakatia sahihi mkataba kule Arusha, Jumuiya ikafufuka. Ninataja miaka hii ili mwone jambo moja: mstari ambao wanadamu wanauchora, wanaufuta na kuuchora tena, usije ukakaa moyoni mwako kama kitu kilichoumbwa siku ya tatu pamoja na nchi kavu.

Hapo naomba mtu asinielewe vibaya. Kuna mtu ameanza kutabasamu, anasema, "Pasta amebariki njia za panya!" La hasha. Biblia inaheshimu mpaka wa haki. Kumbukumbu la Torati 19:14 inakataza kusogeza alama ya mpaka wa jirani, na Mithali 23:10 inaongeza kwamba usiingie shamba la yatima. Wewe unayeng'oa mkonge usiku na kuupanda hatua tatu ndani ya shamba la mjane wa ndugu yako, halafu asubuhi unaongoza sifa, Mungu ameona huo mkonge. Na wewe unayevusha magendo usiku ukisema ni biashara, Mungu anajua hesabu zako.

Mnivumilie kidogo hapo, maana mimi nilisoma biashara chuoni. Mama zetu wengi wanapita panya kwa kuogopa ofisi, wala si kwa kupenda magendo. Mama, sikiliza. Kama mzigo wako umezalishwa ndani ya nchi za Jumuiya, uko katika orodha iliyokubaliwa, na thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, kuna cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachotolewa hapo boda, na kwa hicho cheti hutozwi ushuru wa forodha. Bado unaweza kuulizwa kibali cha mazao au ada nyingine, lakini utapita mlango wa mbele mchana, kichwa juu. Gunia la nyanya halina haja ya kutembea usiku kama mwizi. Ukiogopa kwenda peke yako, kuja ofisini kwangu, tutapata mtu wa kukusindikiza.

Kwa hivyo mpaka wa haki tunauheshimu. Ule ambao Yesu amekuja kuushughulikia ni mpaka wa dharau. Ule unaosema: huyu si wetu.

Rudi kwa wale wakoma kumi. Walikuwa kumi pamoja, na angalau mmoja wao alikuwa Msamaria. Myahudi na Msamaria wanakula nini pamoja? Jibu ni rahisi: ukoma uliwaunganisha. Walipokuwa wagonjwa, hakuna aliyeuliza kitambulisho. Ugonjwa ulikuwa umefuta boda.

Sisi tumeliona hilo kwa macho. Mwaka 2020, wakati wa korona, madereva wa trela walikuwa wakingoja majibu ya vipimo, na foleni kutoka Malaba kuelekea Bungoma ilikuwa ya kilomita nyingi. Watu walilala chini ya magari siku baada ya siku. Wakati huo mtu akipika uji aligawa tu. Hakuuliza nambari ya gari ni ya Kampala au ya Mombasa. Lakini foleni ilipoisha, je? Tulirudi palepale. "Hao Waganda." "Hao Wakenya." Shida ilipoondoka, boda ikarudi.

Soma tena Luka 17 ukiwa na hilo akilini. Wote kumi waliambiwa waende kwa makuhani, na walipokuwa wakienda wakapona. Halafu mmoja peke yake akarudi kumshukuru Yesu, na huyo alikuwa mtu wa upande ule. Bwana mwenyewe akauliza wale tisa wako wapi, akamtaja aliyerudi kuwa mgeni. Kanisa, tujiulize: katika kupona kwetu, tumerudi kwa nani? Kwa Yesu, au kila mtu kwa kabila lake na upande wake?

2. Boda ya pili: anayevusha

Sasa vijana wa pikipiki, kaeni wima. Hii sehemu ni yenu.

Katika miaka ya 1960 na 1970, mtu akishuka kwa basi upande wa Kenya hakuwa amefika Uganda. Kati ya geti na geti kulikuwa na kipande cha njia, na magari hayakupita bila makaratasi yake. Sasa fikiria mama mwenye mtoto mgongoni, na begi, na jua la saa saba. Ndipo vijana wa hapa Busia wakaweka kiti cha sponji nyuma ya baiskeli na kuanza kuita abiria: boda! boda! Yaani, nani anataka kutoka boda hii mpaka boda ile? Baiskeli ikaitwa kwa sauti ya mwenyewe. Bodaboda.

Neno hilo halikuishia hapa. Liliingia Kampala, likaingia Nairobi, likashuka mpaka Dar es Salaam. Baiskeli zikawa pikipiki, na watu wengi wanaolitumia leo hawajawahi kuiona Busia. Hata magazeti ya Kiingereza ya Nairobi na Kampala yanaandika boda boda. Mwingereza alitupa neno moja, sisi tumemrudishia mara mbili!

Lakini angalia kilicholipata hilo neno njiani. Kwa Mwingereza, border ni kitu kinachokuzuia. Ni geti, ni askari, ni simama hapo. Lilipofika mikononi mwa kijana maskini wa Busia mwenye baiskeli, likageuka kuwa jina la yule anayekuvusha. Jina la kizuizi limekuwa jina la mvushaji. Wapendwa, hiyo ni injili inatembea kwa magurudumu mawili!

Kwa maana Yesu alifanya nini? Paulo anawaambia Waefeso kwamba Kristo ndiye amani yetu, amewafanya wale wawili kuwa mmoja, amekibomoa kile kiambaza cha kutenga. Na Paulo hakuwa akizungumza kwa mafumbo tu. Pale hekaluni Yerusalemu kulikuwa na ukuta mfupi wa mawe. Mtu wa mataifa akiuvuka, adhabu ni kifo, na onyo lilichongwa kwenye mawe. Mwaka 1871 lilichimbuliwa moja la hayo mawe, maandishi ya Kigiriki bado yanasomeka. Na katika Matendo 21:28–29 Paulo alikamatwa kwa shtaka gani? Kwamba amemwingiza Mgiriki ndani ya hekalu. Na huyo Mgiriki waliyemdhania, Trofimo, alitoka wapi? Efeso! Kwa maneno yetu ya steji, Paulo alishtakiwa kwa kuwa boda. Walidhani amembeba Mwefeso akamvusha ukuta. Halafu huyo huyo Paulo, akiwa kifungoni, anawaandikia Waefeso: ukuta haupo tena.

Ngoja niwape mfano wa nyumbani. Zamani hapa ulisimama mara mbili: unapanga foleni Kenya upigwe muhuri wa kutoka, unatembea, unapanga foleni nyingine Uganda upigwe wa kuingia. Kisha kikajengwa kituo cha pamoja, na tarehe 24 Februari 2018 marais wawili, Kenyatta na Museveni, wakakizindua hapa Busia. Siku hizi ukitoka Kenya unapita moja kwa moja hadi upande wa Uganda, na huko unakuta maafisa wa nchi zote mbili katika jengo moja. Wa kukuruhusu kutoka na wa kukupokea wamekaa karibu karibu. Unasimama mara moja.

Msalaba ni hivyo. Deni la upande wa kutoka na mapokezi ya upande wa kuingia vyote vilimalizwa mahali pamoja, na mtu mmoja. Huna haja ya kupanga foleni ya kwanza kwa Yesu halafu foleni ya pili kwa kabila, au kwa mganga, au kwa mtu fulani wa kukuombea kwa ada. Unasimama mara moja. Sema amina kama umeelewa.

Na kama Bwana ni mvushaji, kanisa lake lifanye kazi gani? Kijana wa boda, watu wamekuita majina mengi. Wengine wanashika mkoba wakikuona. Na ni kweli kuna wenzako wanaoharibu jina, na wewe unawajua. Lakini kazi yako ukiifanya kwa haki ni picha ya Bwana wako. Yule mama mjamzito wa saa nane usiku hakumwita mbunge, alikuita wewe. Usibebe magendo, usibebe msichana wa shule kwa ahadi ya chipsi. Beba watu uwafikishe. Hata Kiswahili chetu kinatufundisha. Makanga wa matatu anaita "Malaba mpaka Bungoma!" na neno lilelile mpaka, ambalo ni ukuta, kwake ni ahadi kwamba utafika.

3. Boda ya tatu: anayelala ndani

Hii ni fupi lakini ndiyo inayouma.

Mwanafunzi wa boda analala shuleni, anakula shuleni, anajua kengele zote. Ukimwona utafikiri ni kwao. Lakini karo ikikosekana, anarudishwa. Muhula ukiisha, anafunga sanduku. Anakaa ndani, lakini nyumba si yake.

Paulo anawaambia Waefeso, watu wa upande ule, kwamba sasa wao si wageni wala wapitaji tena, bali ni watu wa nyumbani mwa Mungu. Hakusema wamepewa kitanda. Alisema ni wa nyumbani. Mtoto wa nyumbani halipi karo ya kulala kwa baba yake, wala hafungi sanduku Novemba ikifika.

Sasa naomba niongee na sisi wenyewe, na nimemwomba ruhusa mhusika kabla ya kuandika. Tuna mama mmoja hapa anayekaa upande wa Uganda. Kila Jumapili anavuka, mvua au jua. Tukiwa na kongamano, sufuria kubwa ni zake. Sufuria zinavuka boda, na hakuna aliyewahi kuuliza kitambulisho cha sufuria. Lakini alipoomba kuingia chama cha akina mama, ili naye apate mkopo aongeze mtaji wake wa omena, tulimjibu kwamba katiba ya chama inataka kitambulisho cha Kenya.

Mwelewe, sikatai hofu yenu. Ni hofu ya hesabu, na hesabu ni fani yangu. Mlisema, "Akitoroka, tutamfuata wapi?" Hilo ni swali zuri la mkopeshaji. Lakini tukumbushane pia: yule aliyetutoroka mwaka juzi alikuwa na kitambulisho cha Kenya, tena kipya. Karatasi ilikuwepo, pesa haikurudi. Kinacholinda mkopo ni mtu kujulikana, na mtu kuwa na wa kumsimamia. Huyu mama tunamjua. Tumekula kwake.

Tumemfanya boda wa bweni, wapendwa. Anakaa ndani mwetu, anajua kengele zote, lakini nyumba si yake.

Biblia ina njia, na ni njia ambayo hata benki zinaijua: mdhamini. Katika Mwanzo 43:9 Yuda alijiweka rehani kwa ajili ya Benyamini. Alimwambia baba yake kwamba asipomrudisha, lawama iwe juu yake yeye. Na Waebrania 7:22 inamwita Yesu mdhamini wa agano lililo bora. Sisi sote tulioko humu tuliingia kwa udhamini. Hakuna aliyeingia kwa kitambulisho chake.

Jumanne hii, saa kumi jioni, chama kinakaa kuangalia hicho kipengele cha katiba. Pendekezo litakuwa mezani: asiye na kitambulisho cha Kenya aingie akiwa na wadhamini wawili kutoka kwa wanachama, na mkopo wake wa kwanza usizidi akiba yake na ya wadhamini wake. Hesabu inakubali, nimeipiga mara mbili. Mimi si mwanachama, sina kura. Kura ni zenu. Ninachoomba ni hiki: kabla ya kuinua mkono, ndiyo au hapana, jiulize wewe mwenyewe ulivushwa na nani.

Na kama kuna mama wawili watakaosimama Jumanne na kusema, "Lawama iwe juu yangu," basi somo hili litakuwa limehubiriwa vizuri kuliko nilivyolihubiri mimi.

Tuombe

Baba, tunakushukuru kwa sababu ulitukuta tukiwa upande ule, ukatubeba. Wasamehe wote waliosogeza mpaka wa mjane. Walinde vijana wetu barabarani usiku na mchana. Fungua njia ya haki kwa mama zetu wa soko. Utuondolee dharau iliyokaa moyoni kama geti, na utufundishe kuwadhamini wengine jinsi Mwanao alivyotudhamini. Katika jina la Yesu. Amina.

*Maandiko ya wiki: Jumatatu Luka 17:11–19, Jumanne Mwanzo 43:1–14, Jumatano Waefeso 2:11–22, Alhamisi Yohana 4:1–42, Ijumaa Mithali 23:10–11, Jumamosi Waebrania 7:20–28.*